Tulikata miti ya ukingo wa mto ili tuchome matofali ya gesi, leo mama yangu hana shamba

Wakuu, poleni na kazi.

Naandika kutoka Uvira, Congo, huku kichwani mwa Ziwa Tanganyika. Leo sikuja kupiga stori. Nina hasira, na nimetembea nayo mpaka mke wangu kaniambia nikaimalizie nje ya nyumba. Basi nimeileta kwenu.

Niliyoyaona nitasema niliyaona, niliyosimuliwa nitasema nilisimuliwa. Uongo sina haja nao, ukweli wenyewe unatosha kuudhi.

Nyie wa Bongo mtanivumilia Kiswahili changu. Huku tunakichanganya na Kifaransa na lugha za nyumbani, lakini tutaelewana tu.

Na kabla hamjaanza kunirukia: mimi sipingi gesi ya samadi. Sipingi nishati mbadala, sipingi kilimo cha kutunza ardhi. Anayetaka kuja kwenye comments kuniita adui wa maendeleo, ajue nimeshamjibu hapa.

Haya, tuanze.

Mimi naishi mjini, ila mama yangu anaishi Runingu, kijiji cha wakulima kwenye Plaine ya Ruzizi, yaani ule uwanda wa mto Ruzizi, barabara ya kwenda Bukavu. Watu wanamwita Mama Riziki, Riziki ni dada yangu mkubwa. Baba alishafariki. Alichomwachia mama ni nyumba na shamba la mpunga kando ya mto.

Huo mto mnapaswa kuuelewa. Kiangazi unauvuka viatu mkononi. Lakini mvua ikipiga kule juu milimani, hata kama huku chini jua linawaka, unashuka na mawe na magogo na kelele kama lori limekatika breki. Ukikuta ukingo mtupu unaula.

Zamani angalau ulikuwa na majira yake. Siku hizi mvua zimechanganyikiwa kabisa. Ziwa lenyewe lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu hapa Uvira, wengine wakahama na milango yao mgongoni. Kwa hiyo mtu akija kutuambia hali ya hewa imebadilika, sisi hatuhitaji kuonyeshwa picha.

Baba na wenzake wenye mashamba pale ukingoni walipanda miti. Mikaratusi, mianzi, na chini yake matete. Kila mmoja upande wa shamba lake, mpaka ikawa ukuta mmoja mrefu. Na kulikuwa na sheria: hakuna kukata mti hata mmoja bila wenye mashamba wote kukubaliana. Wanawake walikuwa wanaokota matawi makavu tu. Hizo ndizo zilikuwa kuni zao za kupikia.

Shikeni hapo kwenye matawi makavu, maana kosa letu lilianzia hapo.

Sasa wageni wakaja na mradi. Sitawataja, sitaki kesi. Walikuja wakati wa mvua, majani yako hadi kiunoni, ng'ombe wamejaa Plaine yote, ukitembea unaruka mavi. Wakaangalia yale mavi, wakafurahi sana.

Wakaita mkutano uwanjani kwa kanisa. Mimi nilikuwepo, ilikuwa Jumapili na huwa naenda kumsalimia mama. Kulikuwa na enjinia wao, kijana msafi, anaongea vizuri. Akaeleza: mnajenga tanki chini ya ardhi, mnatia samadi na maji, inatoka gesi, mnapika bila kuni wala makala, nyie mnasema mkaa. Uchafu unaobaki mnautia shambani kama mbolea. Milima inapumzika, miti inapumzika, macho ya mama zetu yanapumzika na moshi.

Wakuu, yote hayo ni kweli. Hata mimi nilipiga makofi.

Halafu akafika kwenye lile neno. Mchango wa wenyeji. Wao wataleta saruji, mabomba na majiko. Sisi tutaleta mchanga, nguvu za mikono, na matofali ya kuchoma.

Matofali ya KUCHOMA.

Watu wakapiga makofi tena! Kwa sababu huku kwetu mgeni akija na kitu, siku ya kwanza haumuulizi maswali. Unashukuru, unamtafutia kiti, maswali mnabaki nayo nyumbani. Ni adabu. Lakini adabu nyingine jamani zitatuzika.

Mimi nikanyoosha mkono. Nikauliza swali ambalo hata mtoto wa primaire angeuliza: hayo matofali tutayachoma na nini?

Enjinia akasema hilo ni jambo la wenyeji, wataamua wenyewe. Akageuza karatasi yake. Yaani alinawa mikono pale pale mbele yetu na hakuna aliyeona maji.

Prezida wa komite ya kijiji, huyu mtamjua zaidi, akasimama na shati lake la mikono mirefu.

"Weye kaa. Weye ni mutu wa Uvira, unakuya huku kula fufu ya mama yako na kurudi. Hii muradi ikienda Luberizi, weye njo utatulipa?"

Watu wakacheka. Nikakaa. Mama hakucheka ila aliniangalia kwa jicho la "usinitie aibu mbele ya wageni."

Pembeni yangu alikuwa amekaa Baba Zabroni, mfugaji, mzee mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale. Alikuwa ameegemea fimbo yake, kimya. Na yeye shikeni hapo.

Nilirudi mjini kwenye kazi zangu, zikanishika wiki nyingi. Niliporudi Runingu safari nyingine, mota, yaani pikipiki, haijasimama vizuri nikaanza kuona anga pale ambapo sikuzoea kuona anga.

Ukuta wa baba haukuwepo. Visiki tu. Na mbele ya visiki matanuru ya matofali yanafuka moshi, vijana wanaimba, Prezida anazunguka kama anafunga harusi.

Niliingia kwa mama na viatu vya matope. Mama, nani alikubali?

"Tulikubali sisi wote," akasema. "Komite ilituita. Walituambia gaz ikikuya hatutatafuta tena kuni. Sasa ile miti iko na kazi gani tena?"

Wakuu, mmeona? Miti iliyopandwa kuzuia mto. Lakini kwa sababu wanawake walizoea kuokota matawi pale, miaka yote hiyo miti ikageuka kuwa "miti ya kuni." Kuni hazihitajiki, basi miti haihitajiki. Hesabu imefungwa. Hakuna mwizi aliyekuja, wala mtu mwenye bunduki. Tulikaa, tukanyoosha mikono, tukapitisha.

Nikamwambia mama: hii miti ilikuwa inashika mto. Akaniambia mto umetulia miaka mingi. Eh! Umetulia kwa nini? Nilitoka nje nisije nikasema neno ambalo mtoto hasemi kwa mama yake.

Matanki yakajengwa. Siku ya kufungua wakaja na magari, wakafunga utepe, mapadre na wachungaji wote wakaomba. Kwa mama palikuwa nyumba ya mfano, jiko lake ndilo likawashwa mbele ya watu. Moto ukatoka, wa bluu, mzuri, hauna moshi. Mama alipika chai mbele ya wageni. Nilikunywa ile chai. Ilikuwa chai nzuri, siwezi kudanganya.

Miezi ile ilikwenda vizuri. Mama aliacha kukohoa asubuhi. Mbolea iliyotoka aliitia kwenye lengalenga, yaani mchicha, na nyanya zake nyuma ya nyumba, zikanenepa. Nilianza kusema labda mimi ndiye mjinga.

Kisha kiangazi kikaingia.

Mtu yeyote wa Plaine anajua kiangazi kinafanya nini. Majani yanakauka, yanageuka rangi ya mkate. Na ng'ombe wanafanya walichofanya tangu babu zao: wanapanda milimani kufuata majani mabichi. Wafugaji wanafunga virago, asubuhi moja unaamka unasikia kimya, wameondoka. Watarudi mvua ikirudi.

Na mavi yao wameondoka nayo tumboni.

Tanki likakaa na njaa. Moto wa bluu ukawa mdogo, ukawa wa kubahatisha, ukafa. Wanawake wakaanza kutembea na ndoo kutafuta mavi ya ng'ombe kama watu wanaotafuta dhahabu. Wawili waligombana mpaka kuvuana vitenge kwa sababu ya mavi ya ndama mmoja mgonjwa aliyebaki. Msicheke. Haya, chekeni kidogo, lakini kumbukeni ni mama zenu wale.

Enjinia akapigiwa simu. Akasema tuhamasishe wafugaji wasiondoke. Yaani tumwambie ng'ombe ale mchanga.

Nilipokutana na Baba Zabroni, baadaye, nilimuuliza kwa ukali kabisa: mzee, ulikaa kwenye ule mkutano, ulijua ng'ombe wako watapanda, ulishindwa kusema?

"Walisema wenye swali banyoshe mikono," akanijibu. "Minye sikuwa na swali. Minye nilikuwa nayua."

Na cha kuudhi ni kwamba hakuwa ananikejeli. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuona kama ni kazi yake kumfundisha mgeni mambo ambayo kila mtu anayajua.

Turudi kwa wanawake. Gesi imekufa, makala bei iko juu, matawi makavu hakuna kwa sababu hakuna miti. Watapika na nini?

Visiki.

Walichukua majembe na shoka wakaanza kuchimbua visiki vya ukingoni, na mizizi yake yote. Mama yangu naye. Mizizi ya mkaratusi inawaka vizuri sana, aliniambia. Mzizi mmoja unaivisha maharage yote. Nilimpelekea gunia la makala, akanishukuru, akalihifadhi kwa ajili ya wageni, akaendelea na mizizi. Mwisho wa kiangazi ule ukingo ulikuwa kama ufizi uliong'olewa meno.

Mnajua kilichofuata. Hata sitaki kukiandika, lakini nimeahidi.

Mvua ikaanza kule juu. Mama alikuwa ameshapanda mpunga, umeshika, kijani kibichi. Riziki alinipigia mchana, nyuma nasikia watu wanapiga kelele. Akasema njoo, mto uko shambani. Nikachukua mota. Nilipofika mto haukuwa shambani. Mto ULIKUWA shamba. Udongo unakatika vipande vikubwa, vinaanguka polepole na mpunga umesimama juu yake, vinaondoka. Mama amekaa kwenye tuta la jirani, jembe mapajani, anaangalia tu. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Lakini shamba la baba lilienda ziwani nikiliangalia.

Mpaka hapo mnaweza kusema ni bahati mbaya. Subirini, hasira yangu bado iko njiani.

Baada ya muda wageni wakarudi kwa tathmini. Wakati gani? Wakati wa mvua, kama kawaida yao. Ng'ombe wameshateremka, mavi yamejaa, moto wa bluu umerudi. Wakaingia kwa mama, wakawasha, ukawaka. Wakaandika. Wakamuuliza mbele ya komite: mama, mradi umekusaidia?

Mama yangu, mwanamke asiye na shamba, akasema, "Tunashukuru sana. Mungu awabariki."

Wakuu nilitaka kupasuka. Walipoondoka nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ningewaambia nini? Wamekuja mu nyumba yangu, wamekaa, nimewapa maji. Nitawapa maji na matusi?"

Siku hiyo tuligombana kweli kweli. Niliondoka bila kula, na kwetu kuondoka kwa mama bila kula ni jambo kubwa.

Lakini kumbe maneno yangu yalibaki mle ndani. Maana mradi ulihamia kijiji cha Nyakabere, na kule nako ukaomba matofali. Wanawake wa Nyakabere wakawa na akili kuliko sisi. Kabla ya kukata chochote wakatuma wenzao wachache waje kumuuliza mwenye jiko la mfano. Hao hawakuwa wageni. Ni wanawake anaokutana nao sokoni, wanauza mihogo pamoja. Mama akawaeleza kila kitu, Riziki alikuwepo akanisimulia. Akamalizia na, "Gaz iko muzuri. Lakini muchunge miti yenu."

Nyakabere wakakataa kuchoma matofali. Wakaomba mradi ulete njia nyingine ya kujenga. Enjinia akakasirika, akampigia Prezida wetu, na Prezida akawaka kama pilipili.

Mama akaitwa kwa chef wa kijiji. Kosa lake: kuharibu jina la kijiji na kufukuza mradi. Wakataka aombe msamaha mbele ya watu na atoe mbuzi.

Soma tena hapo. Aliyepoteza shamba ndiye atoe mbuzi!

Nilifunga kazi nikaenda. Watu wamejaa kwa chef, Prezida anaongea utafikiri avoka mahakamani. Kwamba mama mmoja kwa mdomo wake anaweza kufunga mlango wa maendeleo kwa watoto wa kijiji kizima. Kwamba mto ni kazi ya Mungu. Kwamba wengine mashamba yao yamebaki na hawajalalamika. Mimi nilishasimama nimjibu, Riziki akanivuta shati.

Chef akamuuliza mama: unaomba msamaha au hapana?

Mama akasimama, akafunga kitenge vizuri.

"Chef, nitaomba. Lakini hapa hapana. Nitaomba mu shamba langu. Twende."

Chef alifikiri ni heshima, akakubali. Tukatoka wote, mstari mrefu, chef mbele, wanawake nyuma, watu wanauliza njiani kuna msiba gani. Tulipita nyumba ya mwisho, tukashika njia ya mpunga. Ile njia niliipita tangu utotoni. Sasa inakwenda vizuri, inakwenda vizuri, halafu inakatika. Chini ni maji ya kahawia.

Watu wengi pale hawakuwa wamefika tangu mafuriko. Kila mtu alisimama.

Mama akamgeukia Prezida. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Pita mbele basi. Ingia mu mpunga wangu, nikupigie magoti."

Prezida akaangalia maji, akaangalia viatu vyake. Chef akasema jua ni kali, turudi. Na tukarudi. Habari ya mbuzi haikutajwa tena. Lakini wakuu, katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumwambia mama pole. Hata neno hilo moja tu.

Mnadhani imeisha? Hata mimi nilidhani.

Wiki jana Prezida kapita kwa mama na uso wa furaha, kama hakuna kilichotokea. Mama sasa analima kwa mjane mmoja upande wa juu wa mto, wanagawana mavuno. Huko juu ndiko miti ya ukingo bado imesimama, kwa sababu komite haikufika.

"Mama Riziki, usiweke roho mubaya," akamwambia. "Kuna wengine banakuya. Ni bale ba pampu ya jua, batatuletea maji mu mashamba. Bataleta panneaux za jua, bataleta pampu, kila kitu. Sisi tutatoa tu nguzo za miti za kusimamishia."

NGUZO. ZA. MITI.

Na akaelekeza kidole upande wa juu wa mto!

Riziki anasema mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akajifuta macho na kanga, akamwambia, "Hapana, Prezida. Nguzo muwe nyinyi ba komite. Musimame mu jua, mushike panneaux na mikono."

Mama amecheka. Mimi sijacheka, na ndiyo maana nimeandika.

Somo nililopata ni hili. Mgeni akileta mradi mzuri, na pampu ya jua ni nzuri, na gesi ni nzuri, usimuulize tu analeta nini. Muulize anachoomba kwako kitatoka wapi. Na muulize kama ameshawahi kuja kiangazi. Kama hajawahi, mpe chai, mpe kiti, umwambie arudi kiangazi ndipo mkutano uanze. Huko si kukosa adabu. Kama ni kukosa adabu, basi tukose.

Nataka kusikia wa Luberizi, wa ng'ambo Burundi, wa Kigoma, popote mlipo. Kijiji chenu kiliombwa kuchanga nini, na mlikitoa wapi? Na kama kwenu wanapanga matofali sasa hivi, funga simu hii uende ukaulize wanachoma na nini. Comments nitasoma zote, hata za matusi.

Ila kesho sitakuwa hewani mchana. Mjane wa kule juu na mama wamewaita wenye mashamba ya ukingo wote, mkutano ni chini ya miti yenyewe, na safari hii mtu akiniambia kaa, sikai.